Herufi M

Karatasi ya serikali ilidondoka yenyewe mlangoni,
gundi ilichoka kabla ya gavana.
Ndoo ya kunawia imerudi jikoni, twaloweka maharage.
Ile bastola ya kupimia joto imekufa betri,
mtoto wa Nsimire anaichezea, anatulenga mmoja mmoja:
"Wewe mzima. Wewe mzima. Wewe umekufa."

Mimi nimebaki na daftari.
Mwaka ule niliandika M penye jina la aliyekohoa,
M ya mgonjwa, nikafunga mlango,
na aliyelalamika nilimwonyesha karatasi:
si mimi, ni serikali.
Ilikuwa raha, kusema kweli, kuwa na wa kumsingizia.

Leo saa nane usiku, Kadutu imelala,
umeme umekwenda zake, tunakanda kwa taa ya simu,
na Zihalirwa anakohoa mbele ya tanuri.
"Ni unga tu, patroni."
Kikohozi cha unga nakijua: kikavu, kifupi,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.
Cha moshi kina machozi.
Hiki kimetoka chini kabisa, kimepanda, kimepumzika njiani
kama mbeba gunia anayepanda mlima kutoka ziwani.

Sijasomea udaktari. Nimesomea unga,
nusu mwaka wa ualimu, na madeni.
Ni malaria? Ni mvua ya Novemba?
Ni lile la mwaka ule, limerudi bila redio kulitangaza?
Nikimrudisha nyumbani bila fransi hata moja,
kesho atakimeza kikohozi kama chai ya moto,
kesho kutwa Murhula naye atakimeza,
halafu mikate mia nne itatoka nacho alfajiri
kwenda shuleni, kwenda kwa wajane, kwenda kwa askari wa kizuizini.
Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Hawakusema lolote juu ya aliyemfichisha.

Shemeji yangu mwenye mtaji alikuja Jumapili na hesabu zake:
"Ukimlipa mgonjwa, Jumatatu wote wataugua."
Nikamwambia, wawili wataugua kwa uongo, sawa.
Gunia lako la unga hupungua kilo mbili njiani
na hujawahi kuliita mwongo.
Hakucheka. Alimaliza soda yangu akaondoka.

Basi nimeamua, na sijui kama nimeamua vyema:
siku tatu, mshahara kamili, bila cheti,
maana cheti cha zahanati kinakula siku mbili za kazi.
Ya nne, nusu.
Ya tano nitapanda mwenyewe hadi kwake nikaone.
Fedha zitatoka kwenye mikate iliyoungua,
ile tunayowauzia wafuga nguruwe,
na pasipofika nitaongeza mikono hii, ingali miwili.

Nikafungua daftari niandike M.
Kalamu ikasimama.
M ya mgonjwa. M ya mzima.
M ya Murhula, ya mkate, ya mshahara, ya mfu.
Mwaka ule sikuliona hilo, nilikuwa na haraka ya kufunga mlango.
Nyuma kidogo ipo M moja ya Cirhuza
iliyoanza ikiwa mgonjwa,
na hadi leo sijui iligeuka siku gani.

Nikaandika kwa kirefu: Zihalirwa amepumzika.
Maneno yakavuka mstari wa Jumanne,
yakaenda kulala kwenye Alhamisi.
Yeye akavua aproni, akaikunja vizuri mno,
kama mtu asiyeamini kwamba atarudi kuivaa.
"Itundike," nikamwambia. "Msumari wako ni uleule."

Saa kumi na moja, mkate wa kwanza ukatoka.
Nikakohoa.
Wote wakanyamaza, mikono ndani ya kinyunga.
"Ni unga tu," nikasema.
Nsimire akajifuta kwenye kitenge, akalichukua daftari,
akatafuta jina langu toka juu hadi chini.
Halikuwamo.
Akauliza kalamu iko wapi.